Kifuniko Kilichobaki Koponi

Tabata, Dar es Salaam
14 Januari 2024

Kwa Shangazi yangu mpenzi Hayat,

Shikamoo Shangazi, na assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima wewe, Muntasir, mkewe na wajukuu. Sisi huku hatujambo, ila joto limetukaba koo na maji ya bomba yanakuja mara mbili kwa wiki, tena kwa madaha. Baba anakusalimu sana. Anasema dada yake amehamia Tabora akasahau kama ana kaka. Malak ametimiza miaka mitano na ana maneno kuliko mimi na wewe tukijumlishwa.

Najua masikio yako hayataki simu tena, na meseji unasema zinakupa kizunguzungu, kwa hiyo nakuandikia kama zamani. Faraji, yule kondakta wa basi la Tabora anayekaa nyuma ya msikiti, amekubali kuwa posta wetu. Kasema, "Dada, mie barua nabeba bure, ila siku ukiniona sina chai usijifanye hunijui."

Sasa la kwangu. Darasa lako la bondeni nimelifungua Jumatatu iliyopita. Watoto ni ishirini na watatu, Malak akiwemo. Kila kitu nimekikuta ulivyokiacha: mikeka, ubao, vijiti vya kuhesabia, na lile kopo la maziwa la vifuniko vya soda. Nimeendelea na utaratibu wako neno kwa neno. Kila mtoto ana kifuniko chake chenye alama, maana kusoma jina bado. Asubuhi akiingia anakidumbukiza koponi, mchana akifuatwa anakitoa na kukitundika msumarini. Kopo likiwa tupu nami nafunga. Alama nimezichora upya kwa rangi ya kucha: Sukaina, mjukuu wa Mzee Bandali mwenye duka la vitambaa, ana samaki wa buluu, Malak kachagua mwezi, na Huzefa kang'ang'ania pikipiki, nimeichora inafanana na mbuzi.

Lakini Shangazi, kila mchana kinabaki kimoja. Watoto wote wameondoka, misumari ishirini na mitatu yote imejaa, na koponi kuna kifuniko. Kina kutu, kimekwaruzwa alama ya kitana. Mimi sikukichora. Siku ya kwanza nilikitupa jalalani. Siku ya pili kilikuwemo tena, nikadhani watoto wamekiokota. Siku ya tatu nilikitupa mtaroni kule mbali, nikiwa peke yangu, na kesho yake kilikuwemo.

Kitana kilikuwa alama ya nani?

Mwanao,
Khulud

*

Tabora
11 Februari 2024

Mwanangu Khulud,

Wa alaykum salaam, na marahaba. Sisi alhamdulillah. Huku mvua zimeshuka vizuri, karanga za Muntasir zimesimama. Mkewe ananitunza, Mungu amlipe, ingawa chai yake tangawizi anaionesha tu kwa mbali. Nakutumia chupa ya asali kwa Faraji. Mwambie nimeipima.

Nimefurahi umeanza. Usiwe na haraka. Namba moja, wiki moja, ndivyo nilivyofundisha miaka yote. Wiki ya tatu iwe ya tatu peke yake: vijiti vitatu, makofi matatu, maharage matatu kwenye kikombe, mpaka mtoto aione tatu hata akifumba macho. Mtoto anayeimba mpaka thelathini hajui kuhesabu, anajua kuimba. Na herufi usiwafundishe majina yake, wafundishe sauti. Anza na ma, me, mi, mo, mu, kwa sababu midomo yao iliizoea siku nyingi, tangu wanaita mama. Waandike mchangani kwa kidole kabla hujawapa daftari. Mchanga hauna kosa, ukifuta umefuta.

Jambo jingine. Watoto hatuwahesabu kwa kuwanyooshea kidole, wala hatuwaambii wajihesabu wenyewe. Mama yangu alizaa, akalea, na hakuwahi kutamka idadi ya wanawe. Ukimuuliza ana wangapi atakujibu, "Wapo." Ndiyo maana nikaweka kopo. Tunahesabu vifuniko, watoto tunawaacha na Mola wao.

Hicho kinachobaki kiache humo humo. Usikitupe tena. Kizoee tu, ujue siku zote kitakuwepo kimoja, basi. Alama ya kitana siikumbuki, watoto nimewafundisha wengi.

Msalimie kaka yangu. Mwambie Tabora nauli ni ileile kuja na kwenda.

Shangazi yako,
Hayat

*

Tabata
3 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Ramadhani inabisha hodi, nakutakia funga njema mapema. Asali imefika, Baba kaificha kabatini anakula na kijiko kimoja kwa siku kama dawa. Malak aliugua mafua, amepona.

Muntasir aliniambia kwenye simu kwamba barua yangu ya Januari uliipata siku ya tatu tu. Jibu lako limechukua wiki nne. Sikulaumu, nasema tu kwamba nimeziona hizo wiki.

Na lilipofika nilikuwa nimeshakosea. Nilikwenda kwenye semina ya walimu wa awali, mama mmoja akatuonesha kufundisha hesabu kwa watoto wenyewe: wasimame mstari, kila mmoja ataje namba yake. Alisema mtoto akiwa namba kwa mwili wake haisahau. Na nyimbo za namba mpaka thelathini nimewaimbisha, nisamehe. Kwa hiyo nikawapanga uani, ishirini na watatu. Wakaanza vizuri kabisa. Wa mwisho akasema ishirini na nne.

Tukarudia. Safari hii nilitembea na mstari. Sukaina akasema kumi na sita. Aliyefuata ni Malak. Malak akangoja kidogo hivi, kisha akasema kumi na nane. Nikamwita pembeni.

"Mbona umeruka kumi na saba?"

"Siyo yangu."

"Ya nani?"

"Ya yule. Ila yeye haijui bado, kwa hiyo tunamngojea kidogo halafu tunaendelea."

Nikasema huyu ana utundu wa kwao. Nikamhamishia mbele, awe moja. Huzefa, aliyekuwa moja, nikamleta nafasi ile. Huzefa ambaye hata viatu anavaa kinyume, naye akangoja kidogo, akasema kumi na nane. Hakuna mtoto aliyecheka. Hakuna aliyemwambia mwenzake amekosea, na unajua watoto wanavyopenda kumwambia mwenzao amekosea.

Tangu hapo natazama. Siku ya uji nilimwambia Malak na Sukaina wagawe vikombe, kila mtu kimoja. Wakabakiza uji kikombe kimoja, wakaenda kukiweka sakafuni kwenye nafasi ambayo hakuna mtu. Wakati wa kutoka watoto wote wanaizunguka nafasi hiyo, hawaikanyagi. Nikamwuliza Malak, huyo yule ni nani? Akanijibu bila hata kuniangalia, anamenya ndizi yake: "Yule anayesubiri kufuatwa."



Unajua nilichokifikiria. Bi Zuwena bado anaishi pale pale, nyumba ya tatu kutoka darasani, na miaka kumi na tatu hajaitikia salamu yangu. Ni mimi niliyekuwa nimfuate Munira wake siku ile ya mafuriko ya Aprili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na kumvusha mtoto wa jirani kutoka darasani mpaka kwao ndiyo kazi niliyopewa. Uliniambia nimechelewa, mtoto ameshatoka peke yake. Siku mbili baadaye wakamkuta kule chini ya bonde. Mtaa mzima ulisema Khulud alichelewa, na mimi nimeishi nalo. Nimeolewa nalo, nimezaa nalo, nimeachika nalo.

Nakuuliza jambo moja tu. Munira alikitoa kifuniko chake siku ile?

Khulud

*

Tabora
31 Machi 2024

Khulud,

Wa alaykum salaam. Tumeingia kumi la mwisho, Mungu atupokelee. Muntasir na watu wake wazima.

Mtoto alitoka. Kopo lilikuwa tupu. Nilimwambia hivyo babake, Mungu amrehemu, nikawaambia wazee wa mtaa, na nakwambia na wewe. Mwezi kama huu si wa kumlazimisha mtu mzima kusema jambo moja mara mbili.

Acha habari ya kuwapanga watoto mstari. Mvua kubwa zikianza funga darasa, uwaambie wazazi unaumwa. Kama huwezi kufunga, basi mikeka isimamishwe ukutani. Isiviringishwe na kulazwa ile pembe ya nyuma, na mtoto yeyote asiachwe kujilaza nyuma yake.

Malak muweke karibu nawe.

Hayat

*

Tabata
28 Aprili 2024

Shangazi Hayat,

Shikamoo. Idi ilipita vizuri, Baba aliwagawia watoto wa mtaa visheti mpaka vikaisha vya kwetu. Huku mvua haikatiki. Nyumba yetu ya juu iko salama. Hayo ndiyo ya familia, mengine sina nguvu ya kuyaandika.

Jumatano ilikuwa wiki ya kumi na sita tangu tufungue. Nilikuwa nimerudi kwenye mtindo wako wa namba moja wiki moja, kwa hiyo ubaoni palikuwa na kumi na sita kubwa ya chaki. Saa tano mbingu ikawa nyeusi. Wazazi wakaanza kuja mbio, kila mtu anamnyakua wake, maji yameanza kupita kwenye kichochoro, watoto wanalia, mmoja kapoteza kiatu. Sikupata nafasi ya kusimama msumarini. Walipokwisha nikachungulia koponi. Kilikuwemo kimoja.

Nikasema, ni kile. Uliniambia nikizoee, nami nilikuwa nimekizoea. Sikukitoa wala sikukitazama. Nikafunga kufuli, nikamshika Malak mkono, tukaanza kupanda.

Tulikuwa tumefika kwa fundi cherehani Malak alipogoma. Alikaa chini kwenye matope, nguo nyeupe, na unajua huyu mtoto anavyojipenda.

"Mama, umefungia mtu."

"Nani? Wote wamefuatwa."

"Yule leo ametoka. Ametoka wa kwanza kabisa, kakitoa chake mwenyewe. Kile kilichobaki siyo chake."

Nilimwacha kwa fundi. Nilikimbia mpaka nikaanguka mara mbili. Darasani maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu. Nilipiga kelele, hakuna aliyejibu. Na wakati nimesimama pale, sijui nitafute wapi, likanijia lile neno lako. Nikaenda pembe ya nyuma. Mikeka ilikuwa imeviringishwa na kulazwa juu ya benchi la nyuma. Nilikuwa nimeisimamisha ukutani asubuhi kwa mikono yangu. Nyuma yake, juu ya benchi, Sukaina amelala, kidole mdomoni, nguo yake kavu. Mama yake, Shehnaz, alikuwa amemtuma mtu wa bajaji, bajaji ikazimika majini njiani.

Nilimbeba mpaka kwao. Saa tisa ukuta wa nyuma ulianguka, ule mpya wa matofali.

Kopo nililichukua pamoja na mtoto. Kilichokuwemo ni samaki wa buluu. Chenye kitana hakikuwemo, na tangu Jumatano sijakiona tena.

Shehnaz kanibusu mikono. Mzee Bandali kaleta vitambaa. Wanasema mimi ni mwalimu mwenye macho. Nimeshindwa kula tangu siku hiyo, kwa sababu nimezisoma upya barua zangu zote kichwani, na sikuwahi kukuandikia mtoto kulala nyuma ya mikeka. Hakuna mtoto aliyekuwa na tabia hiyo mwaka huu. Wewe ulijuaje?

Usinijibu habari za karanga.

Khulud

*

Tabora
19 Mei 2024

Mwanangu Khulud,

Sina salamu ndefu. Muntasir ananiandikia bahasha tu, haya ya ndani ni mkono wangu.

Munira alikuwa na mazoea ya kujilaza nyuma ya mikeka. Alikuwa mtoto wa taratibu, akichoka hasemi, anajitafutia pahali. Siku ile mvua ilipochafuka nilifanya kama ulivyofanya. Watoto walinyakuliwa, nikatazama kopo, kimebaki kimoja. Nikasema, watoto hawa, kila siku kuna anayekimbia bila kutoa chake, na kweli kila siku alikuwepo. Maji yalikuwa yanaingia jikoni kwangu, akili yangu yote ilikuwa kwenye magunia yangu ya mchele. Nikakitoa mimi. Kwa mkono wangu, bila kutazama alama, nikakitia mfukoni, nikaona kopo tupu, nikafunga kufuli. Sikuita jina hata moja. Miaka yote hiyo nilikuwa najisifu kwamba mimi siwahesabu watoto.

Ulipokuja nyumbani kuniuliza, umelowa chapachapa, nilitia mkono mfukoni kutafuta leso nikupe ujifute. Nikakishika. Nikakitazama ukiwa umesimama mbele yangu. Kitana. Nikakwambia umechelewa, mtoto ameshatoka peke yake. Ukaanza kulia, nami nikakuacha ulie. Ulipoondoka nilikwenda bondeni mbio. Ukuta wa nyuma haukuwepo, wala mikeka, wala chochote.

Nilijua siku hiyo hiyo, Khulud. Sikuja kujua baadaye. Mtaa ulipoanza kukunyooshea kidole nilisema nitasema kesho. Kesho ikawa arobaini ya mtoto, ikawa harusi yako, ikawa talaka yako, ikawa masikio yangu yanaziba na mimi nashukuru yazibe.

Kifuniko nilikifunga kwenye leso, nikaja nacho Tabora chini ya nguo zangu. Ulipoandika Januari nilifungua sanduku. Leso ilikuwa imefungwa fundo langu lile lile, na ndani hamna kitu. Ndiyo hizo wiki nne ulizoziona. Kila siku nafungua, hamna.

Barua yako ya Aprili ilipofika nikafungua tena. Kimo. Kimelowa, kina udongo mweusi wa bondeni, nguo zote zilizokuwa chini yake zimelowa mpaka ubao wa sanduku. Hapa Tabora hakujanyesha tone tangu Idi. Mke wa Muntasir kanisaidia kuanika, anauliza maji yametoka wapi. Nimekianika juani na leo ni siku ya tisa. Hakikauki.

Niambie nikifanye nini. Utakachosema nitafanya.

Nimekukosea.
Hayat

*

Tabata
26 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Salamu hii nimeifikiria siku nzima kama niiandike, nikaona wewe bado ni shangazi yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho nikiwa chooni ili Malak asinione. Nina hasira na wewe ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu, hata kwa baba yake Malak. Ungenifuta tu ile siku, kwa leso ile ile. Nilikuwa binti mdogo, Shangazi. Ulinitazama ninavyokonda, ukanipikia supu.

Darasa tumelihamishia barazani kwa Mzee Bandali mpaka ukuta usimame. Kopo ninalo, lakini sasa nikifunga naita majina, mmoja mmoja, kwa sauti, na kila mtoto lazima aniitikie. Ijumaa wenyewe waliniomba wajipange mstari. Niliwaachia. Sukaina akasema kumi na sita. Aliyefuata alikuwa Malak, na hakungoja, akasema kumi na saba. Wakaishia ishirini na tatu. Nikamwuliza Malak, yule je? Akasema, "Si nilikwambia ametoka?" kama mtu anayemwambia mzee asiyesikia.

Kwa hiyo kifuniko usimpe Faraji, wala usikitupe, wala usikizike huko. Kilete. Muntasir akukatie tiketi ya Jumatano, Alhamisi asubuhi nitakuwa stendi. Utakiweka mkononi mwa Bi Zuwena, na utamwambia kama ulivyoniambia mimi, kwa mpangilio ule ule, bila kuruka mchele.

Na mimi nitakuwepo, si kwa ajili ya kukushika mkono. Nina langu ambalo sijamwambia mtu, na baada ya barua yako siwezi tena kulala nalo.

Sikuchelewa siku ile. Kabla ya kuja kwako nilipita kwanza darasani. Nilifika maji yakiwa bado kwenye nyayo. Nikakuta kufuli. Nikagonga mara moja, mvua inapiga mabati, na ndani nikasikia mtoto anahesabu. Moja, mbili, tatu, taratibu, anafika kumi na sita, ananyamaza, anaanza tena moja. Nilisimama nikasikiliza mara mbili nzima. Nikajiambia ni redio ya jirani, kwa sababu nilikuwa nimelowa, na kufuli lilikuwa limefungwa, na mwalimu alikuwa wewe. Uliponiambia nimechelewa nilikubali haraka sana, Shangazi. Kuchelewa kulikuwa kwepesi kuliko kile nilichokisikia.

Ilikuwa wiki ya kumi na sita. Alikuwa hajafika kumi na saba.

Njoo Alhamisi. Tutakwenda kwa mama yake wote wawili, wewe na kifuniko, mimi na hesabu yake.

Khulud